Meya na madiwani wetu wanaunga mkono kampuni ya kebo iungane na nyingine, ilhali intaneti yenyewe haishiki. Wanapata nini?

Mlipa_Bili ameuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Ninaomba msaada wa kuelewa jambo ambalo limenisumbua kwa wiki mbili sasa, na ninaamini humu wamo watu waliowahi kufanya kazi katika ofisi za miji ya huku Marekani, au katika kampuni zenyewe za kebo.

Mjini kwetu kuna kampuni moja tu ya kebo. Anayetaka intaneti ya waya yenye kasi ya maana hana pengine pa kwenda, kwa sababu kampuni ya simu bado inategemea nyaya za shaba za zamani ambazo katika mtaa wangu hazifikishi hata megabiti 20 kwa sekunde. Kampuni hiyo ya kebo sasa inataka kuungana na nyingine kubwa kuliko yenyewe, na maombi yao yako Washington yakisubiri uamuzi. Sitaitaja kwa jina, maana malalamiko yangu kwao bado hayajajibiwa na sipendi mjadala huu ugeuke kuwa wa kampuni gani ni afadhali.

Huduma yenyewe iko hivi. Ninalipia kifurushi cha megabiti 200 za kupakua na 10 za kupakia. Alfajiri ninapata kitu kinachokaribia hapo. Ikifika saa mbili usiku, nikipima kwa waya uliochomekwa moja kwa moja kwenye modemu ili mtu asinisingizie Wi-Fi, ninapata 30 na ushei za kupakua, na upande wa kupakia unashuka hadi 2 au chini yake. Binti yangu anasoma masomo ya jioni kwa njia ya video. Anapowasha kamera ili ajibu swali, mwalimu husikia nusu ya jibu, kisha taa ya modemu inaanza kupepesa na modemu inajizima na kujiwasha yenyewe. Tangu mwezi Machi nimekuwa nikiandika tarehe, saa na vipimo katika daftari, na sasa zimetimia kurasa kumi na moja. Mafundi wamekuja mara nne. Watatu wa mwanzo walibadilisha modemu. Wa nne alipanda nguzoni, akashuka, akaniambia kwamba tatizo liko mbele huko na kwamba atapeleka taarifa. Hiyo ilikuwa Juni.

Sasa, katika kikao cha baraza la jiji cha mwezi uliopita, meya alisoma barua aliyoiandikia Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, ile tunayoiita FCC kwa kifupi, akiiomba iidhinishe muungano huo. Madiwani sita kati ya saba wakapiga kura ya kumuunga mkono. Barua inaisifu kampuni kuwa mshirika mwema wa jiji, inataja chumba cha kompyuta ilichokifadhili katika maktaba yetu, na inataja kifurushi cha bei nafuu kwa familia zenye kipato kidogo. Nimeisoma mara tatu. Hakuna mahali inapotaja kasi, kukatika kwa huduma, wala bei tunayolipa sisi wengine. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba nilitafuta barua nyingine zilizopelekwa Washington kuhusu ombi hilohilo, nikaikuta ya meya wa mji ulio majimbo mawili kutoka kwetu, na aya yake ya tatu ni ileile ya kwetu neno kwa neno, pamoja na mkato uliowekwa mahali pasipostahili.

Ninachouliza ni hiki: kiongozi tuliyemchagua, ambaye nyumbani kwake anatumia intaneti hiyohiyo, anapata faida gani kwa kuandika barua kama hiyo? Na je, barua ya meya ina uzito wowote kwa watu wanaoamua?

Karani_Mstaafu amejibu:

Dada Mlipa_Bili, nilifanya kazi katika ofisi ya jiji moja la kaskazini-mashariki kwa miaka kumi na tisa, na faili la leseni ya kebo lilikuwa mezani kwangu kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, kwa hiyo niruhusu nianze na jambo ambalo wakazi wengi hawalijui. Mkataba kati ya jiji na kampuni ya kebo ni mkataba wa televisheni. Intaneti ilikuja baadaye ikapita kwenye waya uleule, lakini haikuingia kwenye mkataba. Chini ya sheria ya kebo ya mwaka 1984, jiji linaweza kutoza ada isiyozidi asilimia 5 ya mapato ghafi ya kampuni yanayotokana na huduma ya kebo. Mwaka 2002 FCC iliamua kwamba intaneti ya kebo si huduma ya kebo bali ni huduma ya taarifa, na Mahakama ya Juu ikauacha uamuzi huo usimame mwaka 2005. Tangu hapo fedha ambazo wewe unazilipa kila mwezi kwa ajili ya intaneti hazimo katika hesabu ya ile ada, na ubovu wa intaneti yako haumo katika orodha ya mambo ambayo jiji linaweza kuiwajibisha kampuni kwayo.

Matokeo yake, pale ofisini kampuni ilionekana kwa sura tofauti kabisa na ile unayoiona wewe saa mbili usiku. Sisi tuliiona kama hundi inayofika kila robo ya mwaka, kama chaneli ya kurushia vikao vya baraza, kama waya wa bure uliofikishwa shuleni, na kama mtu mmoja wa idara ya mahusiano na serikali aliyekuwa akijua majina ya watoto wetu. Mtu huyo hakuwahi kukosa uzinduzi wa jambo lolote. Ligi ya watoto ikihitaji jezi, alizileta. Maktaba ikihitaji kompyuta, alikuja na mpiga picha. Mkono mtupu haulambwi, na wa kwake haukuwahi kuwa mtupu.

Kuhusu aya inayofanana, hilo halinishangazi hata kidogo. Rasimu hutoka kwa kampuni. Huambatanishwa na ujumbe mfupi wa heshima unaosema kwamba imeandaliwa ili kukurahisishia kazi, na kwamba uko huru kuibadilisha upendavyo. Siku moja nilipokea rasimu ambayo mwandishi wake alisahau kujaza mahali pa jina la jiji, kwa hiyo ilisomeka kwamba wakazi wa nafasi tupu wamenufaika sana. Niliijaza nafasi ile, nikaichapa kwenye karatasi yenye nembo yetu, meya akaisaini kabla ya chakula cha mchana. Sijivunii.

Jambo hili limewahi kufika hadharani. Mwezi Februari 2014 Comcast, kampuni kubwa ya kebo ambayo makao yake ni Philadelphia, ilitangaza kwamba inainunua Time Warner Cable, kampuni nyingine kubwa ya kebo, kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 45 hivi. Mameya kwa makumi walitia saini barua za kuunga mkono, akiwemo meya wa Philadelphia wakati huo, Michael Nutter, na hilo lilitarajiwa, kwani aliyeiongoza kampuni katika shughuli za siasa, David Cohen, alikuwa amewahi kuwa mkuu wa ofisi ya meya wa jiji hilohilo enzi za Ed Rendell. Kisha Januari 2015 tovuti ya habari ya The Verge ikachapisha barua pepe ilizozipata kwa kutumia sheria za taarifa za umma, zikionyesha kwamba baadhi ya barua za viongozi, ikiwemo ya meya wa Roswell katika jimbo la Georgia, maneno yake yalitoka upande wa kampuni.

Na uzito wake? Tarehe 24 Aprili 2015 Comcast iliachana na mpango wote, baada ya Wizara ya Sheria na watumishi wa FCC kuonyesha kwamba wanaupinga. Rundo lile la barua za mameya halikuuokoa. Wizara ya Sheria hutazama kama muungano utapunguza ushindani, na FCC hutazama kama utaleta manufaa kwa umma, tena mzigo wa kuthibitisha hilo uko juu ya waombaji. Barua ya meya inayosifu chumba cha kompyuta haijibu swali la kwanza, na la pili inaligusa kwa mbali. Kazi yake kubwa ni kuwapa wanasiasa wa ngazi za juu kisingizio cha kusema kwamba miji imeridhika.

Nikuulize jambo moja: je, katika jimbo lenu leseni ya kebo hutolewa na jiji, au hutolewa na jimbo? Majimbo kadhaa, kwa mfano Texas tangu 2005 na California tangu 2006, yalihamishia leseni hizo jimboni, na huko baraza la jiji halina usemi juu ya leseni ya kampuni inaponunuliwa. Kama kwenu bado ni jiji, basi kuna mlango mwingine ambao nitaueleza ukinijibu.

Fundi_wa_Nguzo amejibu:

Nimepanda nguzo kwa miaka minane, kwa hiyo mimi nitazungumzia lile "mbele huko" la fundi wako wa nne, kwa sababu ndiye pekee aliyekuambia ukweli.

Kebo ya mtaani kwako haiendi peke yake hadi kwenye mitambo ya kampuni. Faiba inatoka kwenye mitambo hadi kwenye kisanduku fulani mtaani, na kuanzia hapo nyumba mia kadhaa zinagawana waya mmoja wa kebo ya kawaida. Mkianza wote kutazama filamu saa mbili usiku, mnagombania nafasi ileile. Upande wa kupakia ndio dhaifu zaidi, kwa kuwa mitandao mingi ya Marekani Kaskazini ilijengwa kwa kuutengea masafa kati ya megahezi 5 na 42 tu, ambayo ni kipande chembamba sana, na kipande hicho ndicho kinachoingiwa na makelele yote kutoka kwenye majumba: kiunganishi kilicholegea, waya uliotafunwa na kindi, kigawanyaji cha zamani nyuma ya kabati la jirani yako. Kelele ya nyumba moja inapanda hadi kwenye kisanduku na kuwaharibia wote. Ndiyo maana modemu yako inakata tamaa na kujiwasha upya unapowasha kamera. Inajaribu kupeleka sauti juu na haisikiki.

Kubadilisha modemu mara tatu hakuwezi kuponya ugonjwa huo. Dawa yake ni mtu kupita nguzo kwa nguzo akitafuta kelele inakoingilia, na kisanduku kugawanywa ili nyumba zilizoungwa humo zipungue, au masafa ya kupakia kupanuliwa, jambo ambalo kampuni kadhaa zimeanza kulifanya. Kazi hizo zinajulikana na zinafanyika kila siku mahali ambapo kampuni ina sababu ya kuzifanya, hasa palipo na mshindani aliyetandika faiba. Kwa uzoefu wangu, mtaa usio na mshindani husubiri mwisho wa foleni. Hakuna kifungu cha muungano kinachobadilisha foleni hiyo, labda kiandikwe mahsusi.

Andika katika daftari lako pia viwango vya mawimbi vinavyoonekana kwenye ukurasa wa ndani wa modemu, hasa nguvu ya kupakia. Kama namba hiyo iko zaidi ya 50, modemu yako inapiga kelele ili isikike, na fundi yeyote mwenye haya ataelewa.

Jirani_wa_Ukumbi amejibu:

Ninaomba nitofautiane kidogo na waliotangulia, kwa heshima zote. Mimi si mtumishi wa kampuni yoyote, lakini nimekaa katika kamati ya bajeti ya mji mdogo, na ninaona kwamba tunamhukumu meya kana kwamba alikuwa na njia nyingine.

Ada ile ya asilimia 5 inapungua kila mwaka kwa sababu watu wanaachana na televisheni ya kebo, na pengo hilo linazibwa na kodi ya majengo ambayo wakazi haohao wanaipinga. Mji kama Chattanooga, katika jimbo la Tennessee, uliweza kujijengea mtandao wake wa faiba na kutoa kasi ya gigabiti mwaka 2010 kwa kuwa tayari ulikuwa na shirika lake la umeme lenye nguzo, magari na mafundi. Miji mingi haina shirika kama hilo, na katika baadhi ya majimbo sheria zenyewe zinaufunga mlango. North Carolina ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2011. Meya asiye na mbadala anafanya nini anapoletewa mshirika mwenye mtaji mkubwa zaidi? Anatumaini. Kile kifurushi cha bei nafuu nacho si hadithi. Comcast ilianzisha cha kwake mwaka 2011 kwa dola 9.95 kwa mwezi, kikitokana na ahadi ilizotoa ilipoichukua NBCUniversal, kampuni ya televisheni na filamu, na kuna familia zilizopata intaneti kwa mara ya kwanza kupitia humo. Mimi mwenyewe nimewaona watoto wakifanya kazi za shule katika chumba cha kompyuta kama hicho chenu.

Kosa la meya wenu, kwa maoni yangu, ni kuandika barua bila kudai chochote. Kuunga mkono kungeweza kuuzwa ghali.

Msomaji_wa_Amri amejibu:

Ndugu Jirani amegusa penyewe, lakini nadhani historia inatuonyesha kwamba hata kuuza ghali hakutoshi kama hakuna anayehesabu. Ngoja nieleze yaliyotokea New York, kwa sababu nililifuatilia jambo lile amri kwa amri.

Baada ya Comcast kujitoa, Charter, kampuni nyingine ya kebo, ndiyo iliyoichukua Time Warner Cable. Walitangaza Mei 2015 na wakakamilisha Mei 2016. FCC iliweka masharti, kwa mfano kwamba kwa miaka saba kampuni isiweke kikomo cha matumizi ya data wala isizitoze tovuti za video kwa kuunganishwa na mtandao wake. Tume ya Huduma za Umma ya jimbo la New York nayo iliweka la kwake: kampuni ifikishe mtandao katika nyumba na biashara 145,000 ambazo zilikuwa hazina huduma au zina huduma duni, ndani ya miaka minne.

Halafu kampuni ikaanza kuleta taarifa za maendeleo, na maofisa wa tume wakafanya jambo ambalo ni la kawaida kabisa lakini hufanywa kwa nadra: walikagua anwani moja moja. Wakakuta kwamba miongoni mwa anwani zilizohesabiwa kuwa mpya zilikuwamo za Jiji la New York, mahali ambapo mtandao ulikuwa umetapakaa tangu zamani. Sharti lilikusudiwa kwa ajili ya watu wa mashambani wasio na chochote, na anwani za maghorofa zikawa zinajaza daftari. Julai 2018 tume iliufuta uidhinishaji wake wa muungano na kuiamuru kampuni iandae mpango wa kuondoka jimboni. Hakuna aliyeamini kwamba mamilioni ya wateja wangehamishwa, na kweli hawakuhamishwa, lakini tishio lile liliirudisha kampuni mezani. Mwaka 2019 walikubaliana kwamba anwani za jijini ziondolewe katika hesabu, zile 145,000 zipatikane kwingine kote, na kampuni itoe dola milioni 12 zaidi kwa ajili ya kupanua mtandao.

Sambamba na hilo, Mwanasheria Mkuu wa jimbo alikuwa amefungua kesi Februari 2017 akidai kwamba wateja waliuziwa kasi ambazo kampuni ilijua haiwezi kuzifikisha, na kwamba wengine walikodishwa modemu za kizazi cha zamani ambazo zisingeweza kutoa kasi walizolipia hata mtandao ungekuwa mzima. Desemba 2018 kesi iliisha kwa makubaliano ya dola milioni 174.2, ambapo milioni 62.5 zilirudishwa mikononi mwa wateja. Dada Mlipa_Bili, kesi ile ilisimama juu ya vipimo. Kurasa zako kumi na moja ni jambo la aina hiyohiyo, kwa kiwango cha nyumba moja.

Nirudi kwenye barua za viongozi. Zinanikera kwa sababu zinakwenda kwenye jalada kama ushahidi wa hali ya huduma, ilhali aliyezisaini hakupima chochote. Wanaopima ni ninyi, na wengi wenu hamuandiki.

Mlipa_Bili ameandika:

Ninawashukuru sana. Nimejifunza zaidi katika siku mbili hizi kuliko katika vikao vyote nilivyohudhuria.

Mzee Karani, nimeulizia: kwetu leseni bado hutolewa na jiji, na inamalizika miaka mitatu ijayo. Ndugu Fundi, nimefungua ukurasa wa ndani wa modemu kama ulivyosema. Nguvu ya kupakia ilikuwa 46 asubuhi, na usiku wa jana ilikuwa 53. Nimeipiga picha. Ndugu Jirani, sibishani nawe kuhusu bajeti, ila chumba cha kompyuta cha maktaba kinatumia intaneti ya kampuni hiyohiyo, na mkutubi ameniambia kwamba jioni huwaomba watoto wasifungue video zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja.

Nilimwendea pia diwani wa kata yangu, mmoja wa wale sita. Hakuwa mkali. Aliniambia kwamba alidhani barua ile inahusu televisheni.

Karani_Mstaafu amejibu:

Dada, huyo diwani amekuambia jambo la kweli kuliko alivyokusudia.

Kwa kuwa leseni ni ya jiji, mlango niliokuwa nikiutaja ni huu. Kampuni inapobadilisha mmiliki, mikataba mingi ya leseni inahitaji jiji likubali uhamisho huo, na sheria ya shirikisho inalipa jiji siku 120 tangu lilipopokea maombi yaliyokamilika. Siku hizo zikipita bila uamuzi, uhamisho huhesabiwa kuwa umekubaliwa, labda pande mbili ziwe zimeafikiana kuongeza muda. Kwa hiyo barua ya meya kwenda Washington na idhini ya uhamisho ni vitu viwili, na inawezekana sana kwamba la pili bado halijafika barazani. Nenda kwa karani wa jiji, umuulize maombi ya uhamisho yalipokelewa tarehe gani. Uliza tarehe, usiulize maoni. Baadhi ya miji iliwahi kuutumia mlango huo. Worcester, Massachusetts, baraza lake lilipiga kura mwaka 2014 kumtaka meneja wa jiji asiipe Comcast leseni iliyokuwa ya Charter, na sababu iliyotajwa waziwazi ilikuwa sifa mbaya ya huduma kwa wateja. Tahadhari moja: sheria inaliruhusu jiji lipime uwezo wa kisheria, wa kifedha na wa kiufundi wa mmiliki mpya, wala si kasi ya intaneti. Lakini kampuni isiyoweza kutafuta kelele kwenye nguzo zake kwa miezi mingi imejitolea yenyewe ushahidi kuhusu uwezo wa kiufundi, kwa kuwa waya wa televisheni na wa intaneti ni mmoja. Hapo ndipo picha yako ya 53 inapoingia.

Wakati huohuo peleka malalamiko yako FCC kupitia fomu ya kawaida ya mteja. Ni bure, na kampuni hutakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Nilipokuwa kazini niliona malalamiko yaliyolala kwa miezi yakipata fundi mwandamizi ndani ya wiki moja baada ya fomu hiyo kufika. Kisha maoni yako kuhusu muungano yaweke kwenye jalada la ombi lenyewe, ambalo lina namba yake, na uambatanishe kurasa zako kama zilivyo, kwa mwandiko wako. Usiombe mtu akuandikie rasimu.

Na kama unataka kujua ule mkato uliokaa vibaya ulitoka wapi, omba chini ya sheria ya taarifa za umma ya jimbo lenu mawasiliano ya ofisi ya meya na kampuni kwa miezi mitatu kabla ya barua. Taja miezi, taja majina ya ofisi, na uombe viambatanisho pia. Viambatanisho ndivyo watu husahau kuomba, na rasimu hukaa humo.

Mlipa_Bili ameandika:

Nimetoka kwa karani wa jiji mchana huu. Maombi ya uhamisho yalipokelewa siku 71 zilizopita. Hayajawekwa kwenye ajenda ya kikao chochote, na karani mwenyewe alilazimika kulitafuta faili. Kikao kijacho ni Jumanne ya wiki ijayo, na nimejiandikisha kuzungumza. Wananipa dakika tatu. Ombi la barua pepe nimeliacha hapohapo dirishani, pamoja na viambatanisho.

Ndugu Fundi, fundi wa tano amepangiwa kuja kesho kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana. Nimwambie nini asibadilishe modemu?

Fundi_wa_Nguzo amejibu:

Mwonyeshe picha mbili, ya 46 na ya 53, kabla hajafungua mkoba. Mwambie unaomba tatizo lipandishwe kwa timu ya matengenezo ya mtandao wa nje, si ya majumbani, na akupe namba ya tiketi yao. Akisita, mwombe aandike kwenye fomu yake kwamba alikataa, kisha Jumanne nenda na fomu hiyo.